Nördlingen: mji mdogo wa Ujerumani uliokaa ndani ya kovu la kimondo

#1 – Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Miji ya Ujerumani inayozungumzwa humu ni ile ile siku zote: Berlin, Hamburg, München, Frankfurt. Leo naomba tutulie kwenye mji mmoja wenye watu wapatao 20,000 tu, ambao mtu asiyeambiwa anaweza kuupita kwa treni bila kuinua macho. Unaitwa Nördlingen, uko jimbo la Bavaria, upande wa magharibi karibu na mpaka wa Baden-Württemberg, katika eneo ambalo wenyeji huliita Ries.

Nilifika huko mara ya kwanza kwa treni ya kutoka Donauwörth. Njia inafuata kwanza bonde jembamba la mto Wörnitz, ikapita chini ya ngome ya Harburg iliyokaa juu ya mwamba, kisha vilima vinaachana ghafla na unajikuta kwenye uwanda mpana wa mashamba ya nafaka, tambarare kama meza, ambao umezungukwa pande zote na ukingo wa vilima vyenye misitu. Katikati ya uwanda huo unasimama mnara mmoja wa kanisa, na kwa muda mrefu hakuna kingine unachokiona. Abiria mwenzangu, mzee wa huko, aliniuliza kama najua kwamba tumeshaingia ndani ya shimo. Nilidhani nimemsikia vibaya.

Hakuwa amekosea. Miaka takriban milioni 15 iliyopita, jiwe kutoka angani lenye upana wa kilomita moja hivi liliipiga ardhi hapo kwa kasi ya makumi ya maelfu ya kilomita kwa saa, likajiteketeza lenyewe pamoja na kila kilichokuwa hai mahali hapo, na likaacha shimo lenye kipenyo cha kilomita 24 hivi. Kishindo kilirusha matone ya kioo kilichoyeyuka hadi nchi ambayo leo ni Ucheki, mamia ya kilomita kutoka hapo. Vito vya kijani vinavyoitwa moldaviti, ambavyo watu huvivaa shingoni, vilitoka kwenye pigo hilo. Baadaye shimo likajaa maji, likawa ziwa kwa muda mrefu sana, na tope la ziwa hilo likasawazisha sakafu. Ndiyo maana mkulima wa Ries analima uwanda mzuri kiasi kile: juu ya tope la ziwa, upepo ulikuja kutandaza vumbi laini lenye rutuba, na kwa karne nyingi eneo hilo limekuwa ghala la nafaka na la mabata bukini.

Nataka tuzungumzie jambo moja hasa. Watu wa Nördlingen walijenga mji wao kwa mawe yaliyozaliwa na msiba ule, na waliishi ndani ya kovu lake zaidi ya miaka elfu moja bila kulijua. Nitaendelea kwenye machapisho yanayofuata. Mwenye swali aulize.

#2 – Mchangiaji

Mleta uzi, hapo umeniacha kidogo. Shimo la kilomita 24 linawezaje kukaa bila kujulikana? Ngorongoro yetu ni ndogo kuliko hilo, na kila anayefika ukingoni anaona wazi kwamba ameshika ukingo wa bakuli.

#3 – Mleta uzi

Swali zuri, na mfano wako umegusa penyewe. Ngorongoro ni mlima wa volkano uliobomoka na kuzama, na wataalamu wa Kijerumani walidhani kwa zaidi ya karne kwamba Ries nayo ni kazi ya volkano. Walikuwa na sababu. Kulikuwa na bakuli, kulikuwa na mawe yaliyoonekana kama yameungua na kuyeyuka, na hakuna aliyekuwa na mazoea ya kufikiria kwamba jiwe kutoka angani linaweza kufanya kazi kubwa namna ile. Tofauti ni kwamba ukingo wa Ries haukusimama wima kama wa Ngorongoro. Unapanda mita 100 hadi 150 tu kutoka sakafuni, umelika na umefunikwa na miti, kwa hiyo anayesimama katikati huona vilima vya kawaida kwa mbali.

Wapo waliotaja kimondo mapema. Mwaka 1904 mtu aitwaye Ernst Werner alitoa wazo hilo, na mwaka 1936 Otto Stutzer akalirudia kwa kuilinganisha Ries na shimo maarufu la Arizona, lakini wenzao hawakuwasikiliza. Jibu lilipatikana mwaka 1960, pale mtaalamu wa miamba wa Kimarekani, Eugene Shoemaker, alipofika kwenye machimbo ya mawe ya Otting, ukingoni mwa shimo, akachukua vipande na kuvipeleka vikachunguzwe na mwenzake Edward Chao. Ndani ya mawe yale walikuta koesiti, ambayo ni kwatzi, madini ya mchanga wa kawaida, iliyobanwa kwa shinikizo kubwa mno, shinikizo ambalo volkano ikiripuka juu ya ardhi haiwezi kulifikia. Ubishi ulifungwa kwa kipande cha jiwe kinachoenea kiganjani.

Sasa jiwe lenyewe. Linaitwa sueviti, kutokana na Suevia, jina la Kilatini la nchi ya Waswabia. Nililigusa kwenye ukuta wa nje wa kanisa la St. Georg, nikalitazama kwa karibu mno kiasi kwamba mama mmoja aliyepita na kikapu alinitazama kwa wasiwasi. Kwa mbali ni jiwe la kijivu, lenye ukijani kidogo, kama saruji iliyochakaa. Kwa karibu ni mchanganyiko: vipande vya miamba ya aina mbalimbali, vikubwa na vidogo, vimegandishwa pamoja, na katikati yake kuna vibapa vyeusi vya kioo, vimepindika na kuchanika kingo, vingine virefu kama kidole. Vibapa hivyo ni mwamba ulioyeyuka hewani na kuanguka kabla haujapoa vizuri. Wenyeji huviita Flädle, jina la vipande vya chapati nyembamba vinavyokatwakatwa na kutiwa kwenye supu ya nyama katika mapishi ya Kiswabia, na ukishaiona supu hiyo, huwezi tena kulitazama jiwe hilo bila kuiona.

Jiwe hili ni laini kuchonga, na ndiyo maana mafundi wa zamani walilipenda. Ubaya wake ni kwamba mvua na baridi hulila. Kanisa lile lina kazi ya ukarabati isiyokwisha, na sehemu mpya zinaonekana wazi kwa rangi.

#4 – Mchangiaji

Nimewahi kusikia kwamba mji huo una almasi kwenye kuta. Ni kweli, au ni porojo za watalii?

#5 – Mleta uzi

Ni kweli, lakini usifungashe nyundo. Pigo lile lilibana grafiti, kaboni laini kama ya ndani ya penseli, iliyokuwemo ndani ya miamba ya kale na kuigeuza almasi, na almasi hizo zimo ndani ya sueviti. Makadirio yanayotajwa sana ni tani 72,000 katika mji na viunga vyake. Hata hivyo, kubwa kabisa haifiki hata nusu milimita, haina thamani sokoni, na huioni bila hadubini. Mji wa almasi usio na sonara hata mmoja aliyetajirika kwazo.

#6 – Mleta uzi

Naendelea na historia ya watu.

Jina la mji linaonekana katika hati ya mwaka 898, wakati mahali hapo palipokuwa mali ya kifalme iliyopewa askofu wa Regensburg. Mwaka 1215 mfalme Friedrich II aliupata tena kutoka kwa askofu na kuufanya mji huru, maana yake mji usio chini ya mtemi wala kabaila yeyote wa jirani, unaowajibika moja kwa moja kwa mfalme wa Dola Takatifu la Kiroma. Cheo hicho kilikuwa na uzito mkubwa: baraza la mji lilitunga sheria, lilitoza kodi, lilihukumu, na baadaye tutaona kwamba lilihukumu hata kifo. Mwaka 1219 unatajwa kwa mara ya kwanza mnada mkubwa wa msimu wa Pentekoste, ambao uliwaleta wafanyabiashara kutoka mbali kwa sababu mji ulikaa kwenye makutano ya njia za biashara za kusini mwa Ujerumani. Hapo ziliuzwa nguo za sufu na kitani, ngozi, manyoya na mifugo. Mnada wa Pentekoste upo hadi leo, ingawa sasa watoto huenda kupanda bembea.

Mwaka 1238 moto uliunguza sehemu kubwa ya mji. Watu wakajenga upya, mji ukafurika nje ya ukuta wake wa kwanza, na mwaka 1327 mfalme Ludwig, aliyeitwa Mbavaria, aliamuru viunga vizungushiwe ukuta mpya. Ukuta huo ndio uliopo leo. Una urefu wa kilomita 2.7, una malango matano, na unaweza kuuzunguka wote kwa miguu ukiwa juu, kwenye ujia wenye paa la vigae, bila kushuka. Ukifanya hesabu, duara hilo halifiki hata kilomita moja kutoka upande hadi upande. Ukuta wa kwanza ulibomolewa, lakini haukupotea: mitaa inayoizunguka sehemu ya katikati imefuata mstari wake, kwa hiyo ramani ya mji inaonekana kama duara ndani ya duara, nalo duara la tatu, la kimondo, likiwa nje limeyafumbata yote mawili.

Malango yana majina ya vijiji ambako barabara zinaelekea: Baldingen, Löpsingen, Deiningen, Reimlingen, na moja ni Berger Tor. Nimependa utaratibu huo. Mtu akitoka langoni anajua anakokwenda.

Kanisa la St. Georg lilianza kujengwa mwaka 1427 na likakamilika mwaka 1505. Mnara wake una urefu wa mita 90 kasoro kidogo na unaitwa Daniel, kutokana na Danieli 2:48, pale mfalme alipomtukuza Danieli na kumfanya mkuu wa nchi. Kuna ngazi zipatazo 350, za chini za mawe na za juu za mbao, na hakuna lifti. Juu kabisa kuna chumba cha mlinzi, na mlinzi yupo kweli, si sanamu. Kila usiku, kuanzia saa nne hadi saa sita, kila nusu saa, anatoka na kuita kwa sauti ya kuvuta: „So, G'sell, so!” Maana yake ni kama kusema „Hivyo, mwenzangu, hivyo!”

#7 – Mchangiaji

Maneno hayo yana maana gani hasa? Mlinzi anamwambia nani „hivyo”?

#8 – Mleta uzi

Wenyeji wana hadithi yake. Wanasema mwaka 1440 mtemi wa Oettingen, jirani aliyeutamani mji siku nyingi, aliwahonga walinzi wa lango la Löpsingen waache mlango bila komeo usiku. Nguruwe jike aliyekuwa akirandaranda akaja kujikuna kwenye ubao wa lango, ubao ukasogea. Mwanamke aliyekuwa akipita akaona lango linacheza, akapaza sauti kwa maneno yale, mji ukaamka, na walinzi wasaliti wakalipa kwa maisha yao. Hadithi ni hadithi. Wanahistoria wengine huona kwamba ilikuwa tu namna ya walinzi kuulizana kama wako macho: wa mnarani anaita, wa langoni anaitikia. Mimi nimeegemea upande huo wa pili, ila nakiri kwamba nguruwe anavutia zaidi, na mji wenyewe umemchagua yeye: utakutana na sanamu zake mitaani, zimepakwa kila rangi.

#9 – Mchangiaji

Mleta uzi, unatuchorea mji wa kupendeza sana. Miji ya Ulaya ya zama hizo ilikuwa na upande mwingine. Usituruke.

#10 – Mleta uzi

Siruki, ndugu. Nilikuwa naelekea huko.

Mwaka 1384 wenyeji waliwavamia Wayahudi wa mji na kuwaua. Jamii ya Kiyahudi iliyokuja kujengeka upya katika karne ya 19 ilifutwa wakati wa utawala wa Wanazi.

Na kati ya mwaka 1589 na 1598 baraza la mji, lile lile lenye mamlaka ya kuhukumu bila kuulizwa na mtemi yeyote, liliendesha kesi za uchawi ambazo ziliwaua wanawake 34 na mwanamume 1. Wengi hawakuwa ombaomba wala wageni, walikuwa wake wa watu wenye nafasi. Rebekka Lemp alikuwa mke wa mhasibu wa mji. Alikamatwa mwaka 1590 mumewe akiwa safarini, na barua zilizopitishwa kati ya gereza na nyumbani zimehifadhiwa hadi leo: watoto wake wanamwandikia mama habari za nyumbani kama vile amekwenda tu kusalimia ndugu, mama anamwandikia mumewe kwamba hana hatia, na baadaye, mateso yakishamvunja, anaomba aletewe kitu cha kumwezesha kufa kabla hawajamtesa tena. Alichomwa moto mwezi Septemba mwaka huo huo. Mumewe aliliandikia baraza kumtetea. Mhasibu wao wenyewe hakusikilizwa.

Aliyeuvunja mnyororo huo ni Maria Holl, mwenye nyumba ya wageni, mzaliwa wa Ulm. Aliteswa mara 62 na hakukiri hata mara moja. Utaratibu mzima ulitegemea kukiri, kwa sababu kila aliyekiri alilazimishwa kutaja wengine, na hao wakakamatwa, nao wakataja. Maria hakukiri wala hakutaja, na mji wa Ulm uliingilia kati kumdai raia wake. Mwezi Oktoba 1594 aliachiwa huru, kwa kiapo kwamba hatalipiza kisasi. Baada yake kesi zilizorota. Leo kuna chemchemi ya kumkumbuka katika uwanja wa Weinmarkt. Nilikaa kando yake nikila mkate, na ilinichukua muda kugundua kwamba watu wote waliokuwa wakipiga picha walikuwa wameigeukia nyumba nzuri ya mbao iliyo nyuma yake.

#11 – Mchangiaji

Nina hoja juu ya ukuta. Miji mingi ya Ujerumani ilibomoa kuta zake karne ya 19 ili kupisha reli na viwanda. Hawa wa Nördlingen wanastahili sifa kwa kuthamini urithi wao mapema kuliko wengine.

#12 – Mleta uzi

Nakuunga mkono nusu. Wapo walioutetea ukuta karne ya 19, lakini kwa maoni yangu mwokozi mkubwa alikuwa umaskini.

Mji ulijiunga mapema na Matengenezo ya Kiprotestanti, na mwaka 1529 ulikuwa mmoja wa miji 14 iliyotia jina kwenye pingamizi la Speyer, lile lililowapa Waprotestanti jina lao. Vita vya Miaka Thelathini, vita vya Wakatoliki na Waprotestanti, vilipowaka, ukawa upande wa Wasweden, Waprotestanti wenzao. Mwezi Agosti 1634 jeshi la mfalme wa Kikatoliki liliuzingira. Jeshi la Wasweden na washirika wao, chini ya Gustav Horn na Bernhard wa Sachsen-Weimar, lilikuja kuuokoa, na tarehe 6 Septemba pande mbili zikapambana kwenye vilima vilivyo kusini-magharibi ya mji, ambavyo navyo ni sehemu ya ukingo wa shimo. Askari wa Kihispania, washirika wa mfalme, walikuwa wameshika kilima cha Albuch. Watu wa Horn wakapanda kukinyakua mara nyingi, mara nyingi zaidi ya kumi, wakarudishwa kila mara. Kufika adhuhuri jeshi lao lilikuwa limevunjika, maelfu wamekufa, Horn mwenyewe kashikwa mateka. Mwaka uliofuata Ufaransa iliingia vitani moja kwa moja, na vita vikaendelea hadi 1648. Kuhusu mji, ulifungua malango, ukalipa fidia, ukabaki na tauni, njaa na nyumba tupu. Mwaka 1645 mapigano mengine makubwa yalitokea Alerheim, kilomita chache tu kutoka hapo.

Biashara haikurudi kama zamani. Njia zilihamia kwingine, na mji ambao watu wake walikuwa wamepungua namna ile haukuwa na haja ya kupanuka nje ya ukuta kwa karne mbili nzima. Mwaka 1803 ukapoteza uhuru wake na kumezwa na Bavaria. Reli ilifika mwaka 1849, ikapewa stesheni nje ya ukuta, ambako nafasi ilikuwa tele. Kubomoa ukuta ni gharama, na anayebomoa ni yule ambaye nyumba zimemsonga. Hawa hawakusongwa. Angalia pia mtaa wa waliokuwa wakidabighi ngozi, kando ya kijito cha Eger: nyumba zao ndefu zenye roshani za kuanikia ngozi chini ya paa zimesimama vilevile, kwa sababu hakuna aliyekuja na fedha za kujenga kitu kikubwa mahali pake.

#13 – Mchangiaji

Wapenzi wa soka tusisahaulike. Gerd Müller si alitoka huko?

#14 – Mleta uzi

Huko huko. Alizaliwa Nördlingen Novemba 1945, akajifunza ufumaji nguo, kazi ya kale ya mji, na akaichezea TSV 1861 Nördlingen hadi mwaka 1964 alipochukuliwa na Bayern München. Mabao 68 katika mechi 62 za timu ya taifa, mabao 365 ya Bundesliga, na bao la ushindi katika fainali ya Kombe la Dunia 1974 dhidi ya Uholanzi. Alifariki Agosti 2021. Uwanja wa mji una jina lake.

Na wageni wengine maarufu: Agosti 1970 wanaanga wa Marekani, akiwemo Alan Shepard, Edgar Mitchell na Eugene Cernan, walikuja Ries kujifunza kuyatambua mawe ya mahali palipopigwa na kimondo, kwa kuwa Mwezini wangeyakuta. Shepard na Mitchell walitua Mwezini Februari 1971. Leo makumbusho ya shimo hilo, yaliyofunguliwa mwaka 1990 ndani ya ghala la mwaka 1503, yana kipande cha jiwe la Mwezi kilicholetwa na Apollo 16.

#15 – Mchangiaji

Swali la mwisho kwangu: ukiwa juu ya Daniel, shimo linaonekana?

#16 – Mleta uzi

Linaonekana ukishajua unatafuta nini. Chini yako ni mapaa mekundu, yamejipanga ndani ya duara la ukuta. Nje yake ni mashamba na vijiji vyenye minara yao midogo, kisha mbali, pande zote, ule mstari wa kijani iliyokolea, usiokatika popote ila upande wa kusini-mashariki, Wörnitz inapotokea kwenda kuungana na Danube. Wenyeji husema kutoka pale juu unaweza kuhesabu vijiji 99. Nilianza kuhesabu kwa kufuata mwendo wa saa kutoka upande wa stesheni, nikafika 34, wingu la mvua likashuka kutoka upande wa Albuch, na mlinzi akaniambia kwa upole kwamba anafunga mlango.